Pemba Haihesabiwi kwa Kilomita

Kundi langu la kwanza la wageni wa baiskeli nililipokea bandarini Mkoani, kusini mwa Pemba: watu sita, wote watu wa mazoezi, miguu yao tu ilitosha kunitia aibu. Mimi mtoto wa Unguja. Nilitazama ramani nikaona Mkoani hadi Chake Chake ni kama kilomita 30, nikawaahidi kuwa chakula cha mchana tutakula Chake. Tulikula saa kumi alasiri. Wawili kati yao walifika ndani ya gari ya abiria, baiskeli zao zimefungwa kamba juu ya keria pamoja na magunia ya muhogo.

Wadogo zangu mnaoingia sasa katika kazi hii ya kutembeza wageni kwa baiskeli, kosa lile nimeliona likirudiwa na karibu kila kijana anayevuka kutoka Unguja. Ukitoka mjini kwenda Makunduchi au Nungwi, kilomita ni kilomita. Pemba kinachohesabiwa ni mabonde. Kisiwa hakina mlima wa kujivunia, maana sehemu yake ya juu kabisa haifiki mita 150. Lakini upande wa magharibi umechanwachanwa na hori na vijito, na huko ndiko barabara zetu nyingi zinakopita. Unapanda kigongo chenye mikarafuu, unateremka bondeni kwenye mpunga, unavuka kalavati, unapanda tena. Kila kilima ni cha dakika tatu au nne tu. Mgeni akipanda cha kwanza anacheka. Cha kumi anakuuliza vimebaki vingapi, na ole wako kama hujui.

Basi kabla hujachukua kundi, pita njia nzima peke yako, na daftari. Mimi kila kilima nakiandika: kirefu au kifupi, kina kivuli au kiko juani, juu yake kuna duka, mwembe au msikiti wenye bomba la maji. Ukimwambia mgeni "bado kilomita nane" hujamwambia kitu. Mwambie "bado mabonde matano, la tatu ndilo baya, ukilimaliza kuna madafu", hapo atajua nguvu zake azitie wapi. Na anza mapema, saa kumi na mbili na nusu muwe barabarani, kwa sababu ikifika saa nne bonde lisilo na upepo ni tanuri.

Gia zinawashinda wengi, hata waliokuja na baiskeli za bei kubwa. Baiskeli ya mashindano ina gia nzito kwa sababu imetengenezwa kwa mtu wa mashindano. Kwa vilima vyetu nataka meno 34 mbele na 34 nyuma, yaani ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu nalo lizunguke mara moja. Mwenye 34 mbele na 28 nyuma atapanda, ila jioni magoti yatamsimulia. Mfundishe mgeni kushusha gia akiwa bado bondeni, kabla mguu haujaanza kulemewa. Anayengoja hadi katikati ya kilima, akabadilisha huku amesimama juu ya pedeli kwa uzito wake wote, ndiye anayekata cheni. Nimeunga cheni tatu kwenye kilima kimoja, na zote tatu zilikatika hivyo hivyo.

Mteremko nao una hila yake. Baiskeli ikishika kasi, roho inakwambia uiache, ile kasi ikupandishe nusu ya kilima kinachofuata. Ni kweli, na ni raha. Lakini chini kabisa, pale kalavatini, ndipo mvua inapomwaga mchanga na udongo mwekundu juu ya lami, ndipo watoto wanapooga, na ndipo gari la ng'ombe linapogeuzia. Kanuni yangu ni moja: kama unaliona bonde lote mpaka ng'ambo, achia. Kama kuna kona, shika breki kabla ya kona, tena zote mbili. Wageni wengi wanatoka nchi ambako magari hupita kulia, kwa hiyo kila mkishasimama kupumzika wakumbushe upya: sisi tunapita kushoto. Mtu hasahau akiwa barabarani. Husahau anapotoka kwenye madafu.

Sasa tairi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipotoa fedha zangu mwenyewe.

Mgeni mmoja alipasukiwa na tairi kati ya Chake na Wete, likachanika ubavu, si pancha ya kiraka. Lilikuwa limeandikwa 700. Watu wanasema 700 na inchi 28 ni kitu kimoja, nami nilikuwa nikisema hivyo. Nikamwacha chini ya mwembe, nikarudi mjini, nikanunua tairi la 28 dukani, lile la baiskeli za Phoenix za wazee wetu. Halikukaa. Ringi ya Phoenix ina kipenyo cha milimita 635, ya baiskeli yake ilikuwa 622. Tairi likawa linacheza kwenye ringi kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Siku ile nililishonea lile tairi lililochanika kipande cha ngozi ya kiatu kwa ndani, tukasogea polepole hadi Wete. Tangu hapo nabeba tairi moja la kukunja la 622, na kwa kundi kubwa mawili. Wala usije ukategemea kulipata kisiwani.

Jengine ni valvu. Baiskeli za kwao nyingi zina valvu nyembamba, na pampu ya fundi wa kijijini ina mdomo wa valvu nene. Kuna kijikofia cha shaba kinachofungwa juu ya ile nyembamba pampu ikakubali. Hakina uzito wala bei. Weka vinne: kimoja mfukoni, kimoja ndani ya mkoba wa tandiko, viwili vya kumpa fundi, maana fundi uliyempa leo atakukumbuka mwakani. Upana wa tairi usipungue milimita 32, na usilijaze upepo mpaka likawa jiwe. Lami ya Pemba kuna inapokuwa kama kitambaa, na kuna inapokwisha ghafla bila kuaga.

Ukija miezi ya mavuno utakutana na karafuu zimeanikwa kwenye majamvi pembeni mwa barabara, pengine zimeingia mpaka juu ya lami, kwa sababu lami inashika joto. Usipite juu ya jamvi hata kwa gurudumu moja. Shuka, sukuma, salimia. Ile ni ada ya skuli ya mtu. Ukitaka kuwaeleza wageni kwa nini vigongo vyote hivi vimejaa mikarafuu, anza na tufani ya Aprili 1872. Iling'oa sehemu kubwa ya mashamba ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka huku. Nasimulia habari hii juu ya kilima, watu wakihema, jioni akina mama wakiwa barazani wanachambua karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake. Harufu inamaliza hadithi yenyewe.

Kuhusu watu, sina mengi ila haya. Kundi la baiskeli linapita kimya, linamshtua mzee anayetembea. Piga kengele mbali, si mgongoni kwake, kisha toa salamu kamili. Wafundishe wageni "shikamoo" na wajue ya nani. Suruali za kubana za baiskeli zina kazi yake, lakini mjini na vijijini wavae kitu juu yake cha kufunika magoti, wake kwa waume. Mwambie mgeni mapema, akiwa bado Unguja anapanga mkoba, usimwambie mbele ya watu. Ukiuliza njia, sikiliza urefu wa neno kuliko neno lenyewe. "Pale" ni karibu. "Paleee", huku kidevu kinainuka, hapo kuna mabonde.

Ramadhani mimi sichukui kundi. Wenzangu wanachukua, wanabeba maji kwa kificho na kula nyuma ya miti. Sijaona raha yake, wala kwa mgeni wala kwa mfungaji anayempikia.

Miji na magofu ndiyo yanayomfanya mgeni asahau miguu, lakini usimjazie. Nilikuwa nikitaka kuonyesha kila kitu siku moja. Siku ya Chake inatosha makumbusho yaliyomo katika mabaki ya ngome mjini, kisha Pujini, kusini-mashariki, kama kilomita 10. Pale palikuwa na boma la Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15. Wazee wanasimulia kwamba aliwalazimisha watu wajenge huku wamekaa chini, wakijiburuta kwa makalio na mawe mkononi. Mgeni aliyetoka kwenye tandiko baada ya siku mbili anaielewa hadithi hiyo haraka kuliko profesa.

Kutoka Chake kwenda Wete mimi huchagua barabara ya zamani. Ni nyembamba, ina kona nyingi na kivuli, na magari ya mbio hayaipendi. Njiani chepukeni Kidike mkawaone popo wa Pemba, wale wakubwa wasiopatikana kwengine duniani, wananing'inia mchana kutwa kama miavuli iliyofungwa. Wete penyewe pako juu ya kilima na bandari iko chini, kwa hiyo usiwateremshe watu bandarini kwa baiskeli jioni kisha ukawapandisha tena. Waacheni wateremke kwa miguu, wanywe kahawa, watazame ng'ambo kwenye Mtambwe Mkuu. Mwaka 1984 ilichimbwa huko akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha na chache za dhahabu, za watu waliofanya biashara hapa kiasi cha miaka elfu iliyopita. Huko kunakwendwa kwa mashua, si kwa magurudumu. Magofu ya Ras Mkumbuu vivyo hivyo, wenye baiskeli za matairi membamba waende kwa bahari.

Siku ya kaskazini ndiyo ninayoipenda. Baada ya Konde mnaingia msitu wa Ngezi, baridi inawapokea ghafla, na kila mtu anapunguza mwendo bila kuambiwa. Mbele kuna ufukwe wa Vumawimbi, na mwisho kabisa mnara wa taa wa Kigomasha, wa chuma, wa mwaka 1900. Nilipopita mara ya mwisho huko ndani kulikuwa na mchanga wa kuzamisha gurudumu, kwa hiyo punguzeni upepo kidogo na mwenye kuchoka asukume. Upande wa mashariki, Micheweni, vilima vinapungua lakini na kivuli kinakwisha, ardhi ni mawe. Maji ya Konde yajazeni yote.

Siku ya kuondoka msilale Chake mkategemea kuiwahi meli asubuhi. Mnajua sasa kuna mabonde mangapi. Laleni Mkoani. Osheni baiskeli kwa maji ya kisima usiku ule ule, cheni ipakwe mafuta kabla ya kupanda meli, na melini muifunge upande usiorukiwa na maji ya bahari. Kutu ya safari moja nimeisugua wiki nzima.