Mbwa wa jirani anateseka: niripoti au ninyamaze?

Juzi usiku, nimeshazima taa, ukaingia ujumbe kutoka kwa msomaji wa Mwanza. Nauweka hapa kwa ruhusa yake: "Dada shikamoo. Jirani yangu ana mbwa, kamfunga mnyororo nyuma ya nyumba tangu Pasaka. Amekonda, mbavu unazihesabu. Nikisema nitaitwa kiherehere, nikinyamaza usingizi sipati. Niripoti au niache?"

Nilianza kumjibu palepale, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Jibu la neno moja ninalo: ripoti. Lakini mimi niliwahi kuripoti, na kuna mahali nilikosea ambapo mpaka leo panauma. Kwa hiyo nivumilie, nianze na ya kwangu.

Nakaa Kihonda, Morogoro. Ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na cherehani yangu iko dirishani, upande wa ukuta wa jirani. Huyo jirani nitamwita Baba Junior. Ni dereva wa malori ya masafa marefu. Akipakia kwenda Kongo anapita Tunduma, anakata Zambia, na foleni ya mpakani ikikaza anaweza kumaliza mwezi hajarudi. Mkewe alikuwa amehamishiwa Dodoma kikazi, akaondoka na watoto. Nyumba ikabaki na binti wa kazi, na Simba.

Simba ni mbwa wa kienyeji tu, rangi ya mchanga, kifua cheupe. Nilimjua tangu mdogo, enzi akipenya chini ya geti kuja kulala kwenye mabaki yangu ya vitambaa. Alipokua akajengewa banda, na mnajua tunavyofuga sisi: mchana mbwa anafungiwa, usiku anafunguliwa alinde. Sina ugomvi na utaratibu huo kama banda ni pana, lina kivuli na maji hayakosekani. Banda la Simba lilikuwa hatua mbili kwa moja na nusu, mbao chini, bati juu, na bati lingine ubavuni upande wa magharibi. Ilikuwa Februari. Aliyewahi kukaa Morogoro mwezi wa pili anaelewa. Saa nane mchana bati lile huwezi kuliwekea kiganja.

Kwanza sikuona kitu, nilisikia. Ilikuwa sauti ya sufuria tupu ikisukumwa kwa pua juu ya mbao. Inakwaruza, inakwaruza, inagota ukutani, inanyamaza. Baada ya muda inaanza tena. Nikiwa nakanyaga cherehani siisikii. Nikisimama kukata uzi, hiyo hapo. Nawaambia ukweli wa Mungu: nilifika mahali nikawa nashona bila kupumzika, nashona hata zisizo za haraka, ili nisiisikie. Nilimaliza oda ya sare za shule siku nne kabla ya ahadi. Mteja akanisifu kwa kuwahi.

Siku zikapita hivyo. Nilijiambia si mbwa wangu. Nilijiambia Baba Junior yu njiani anarudi. Nilijiambia mjini kila mtu na lake. Kila asubuhi nilipata sababu mpya, na zote zilikuwa nzuri.

Kilichonitoa ni siku sauti ilipokoma. Ilipita asubuhi nzima, adhuhuri ikaingia, kimya. Nikaacha shati la watu chini ya sindano, nikaenda kugonga geti.

Alinifungulia yule binti. Nilikuwa nimejiandaa na maneno makali, nimeyapanga tangu mlangoni kwangu. Nikamkuta anatetemeka. Akanivuta pembeni, akapandisha dera, akanionyesha kovu kwenye kifundo cha mguu, limezama kama mtu kachota nyama kwa kijiko. Aling'atwa akiwa mtoto, kijijini kwao Singida. "Dada, mimi siwezi kumfungulia. Nikimfungulia ataniua." Baba Junior alipoondoka alimwambia mbwa ale mara mbili, afunguliwe usiku. Hakumuuliza kama anaogopa mbwa, na yeye alihofia kusema asije akapoteza kazi. Basi alikuwa akirusha ugali kupitia upenyo wa juu ya mlango, mwingine unaangukia nje. Maji alikuwa akiyamwaga kutoka kwenye kidumu kupitia nafasi za mbao, yanamlowesha mbwa mgongo, sufuriani yanaingia matone. Simba alikuwa hajatoka mle ndani kwa siku 19.

Tulifungua mlango pamoja, yeye akiwa nyuma yangu ameshika ufagio. Simba hakuruka. Hata kunyanyuka alinyanyuka kwa shida, miguu ya nyuma ikipishana. Ncha za masikio zilikuwa zimeliwa na nzi, damu imekauka nyeusi, na nzi bado wapo juu yake. Katikati ya vidole kupe walikuwa wamejaa, wamevimba kama mbegu za nyonyo. Nikaweka beseni la maji. Alikunywa mpaka nikaogopa, akapumzika, akalaza kidevu ndani ya maji yenyewe, akanywa tena akiwa amelala.

Sasa sikilizeni nilipokosea, maana hapa ndipo wengi mtakapokosea.

Namba ya Baba Junior nilikuwa nayo. Tulikuwa tunapigiana maji yakikatika, tunapigiana umeme ukizimika. Ningempigia pale pale. Sikumpigia. Nilikuwa na hasira, na hasira ilitaka watu. Nikachukua video, sekunde arobaini, nikaitupa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ndani ya saa moja kundi liliwaka. Mmoja akaandika huyu si binadamu. Mwingine akaingiza habari za mkewe, kwamba ndiyo maana alimkimbia. Hakuna hata mmoja kati ya waliotukana aliyekuja na kopo la maji. Baba Junior aliiona video akiwa kwenye foleni Tunduma, mbele ya madereva wenzake, na sidhani kama aliweza kutazama masikio ya yule mbwa, maana alikuwa anasoma matusi.

Sijutii kuripoti. Ile video naijutia. Ni vitu viwili tofauti, na mimi nilivichanganya kwa sababu nilitaka nionekane mwenye huruma kuliko wengine. Ukitaka kumsaidia mbwa, mbwa hana simu. Anayeshika simu ni wewe, na unaishikia nafsi yako.

Kuripoti kwenyewe kulikuja kesho yake. Nilianzia kwa mjumbe wetu wa shina, mzee wa swala tano ambaye mbwa hamgusi. Nilidhani atanifukuza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisimulia hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyekuta mbwa anaramba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji kiatuni, akakishika kwa meno akapanda nacho kumnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. "Kumgusa ni habari nyingine," akasema, "lakini kiu ni kiu." Akavaa kofia, tukaenda wote ofisini kwa mtaa.

Pale nilijibiwa kile mtakachojibiwa na ninyi: mama, watu wenyewe hawajala, wewe unatuletea mbwa? Siku hiyo ningegeuka kama ningekuwa peke yangu na kama nisingejua la kusema. Bahati nzuri nina mteja anayesomea udaktari wa mifugo pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Usiku ule alikuwa amenifundisha kwa simu. Nikawaambia taratibu kwamba Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kwamba anayefuga anawajibika kwa chakula, maji, makazi na matibabu ya mnyama wake. Nikasema pia kwamba simjui mbwa huyu amechanjwa lini, na mle ndani kuna binti anayemlisha kwa woga. Neno chanjo ndilo lililowanyanyua. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na kila kiongozi wa mtaa analijua hilo. Afisa mifugo alifika kesho yake asubuhi.

Hakuna polisi aliyekuja, hakuna pingu. Afisa alimkagua Simba, akampaka dawa masikioni, akamchoma sindano, akampiga dawa ya kupe. Akampigia Baba Junior mbele yetu, akaongea naye habari za mbwa tu: banda lihamishwe kivulini, maji yakae muda wote, chanjo imeshapitiliza muda wake. Akampa wiki mbili. Basi. Kitu nilichokiogopa wiki tatu kilichukua chini ya saa moja.

Simba alipona. Masikio yalibaki mafupi kuliko ya mbwa wengine, lakini manyoya yalirudi, na banda sasa liko chini ya mwembe. Nasema kwa fahari, na sitaona haya: yule mbwa yu hai kwa sababu niligonga geti.

Ila gharama zilikuwepo. Yule binti alirudishwa kwao Singida wiki Baba Junior alipofika. Nilimtetea, nikachelewa, maana tayari mtaa mzima ulikuwa umemwona kwenye video akiwa ameshika ufagio. Na Agosti mama yangu mzazi alipofariki, turubai lilifungwa mbele ya nyumba siku tatu. Walikuja watu wa mtaa wa tatu huko, walikuja wateja wa mara moja. Baba Junior alikuwepo, lori limeegeshwa. Alipita kando ya turubai asubuhi na jioni, macho mbele. Nilikuwa nimekaa mkekani nasikia viatu vyake. Nimesamehe mengi maishani, hilo bado nahangaika nalo.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Mwanza, na wengine wote mnaonyamaza kama nilivyonyamaza, nisikilizeni. Gonga geti. Kabla ya mjumbe, kabla ya ofisi, kabla ya chochote, gonga geti na maji mkononi. Mbwa hapoi kwa jasho la mwili kama sisi, anapoa kwa kuhema, na kuhema kunamaliza maji. Njaa anaweza kuivumilia siku kadhaa, kiu kwenye jua haingoji kikao.

Usirushe chakula juu ya ukuta. Najua huruma inavyosukuma, lakini wezi nao huwarushia mbwa nyama yenye sumu kabla ya kuingia, na siku Simba wa kwenu atakapokufa kwa lolote, wa kwanza kutajwa ni wewe. Halafu mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha kali, inamchana utumbo. Na mbwa aliyekonda sana usimjaze sufuria zima kwa siku moja; kidogo kidogo, mara nyingi, ndivyo yule mwanafunzi wa SUA alivyoniambia. Omba ruhusa, pitia getini.

Usimwibe. Wapo watakaokushauri umkate mnyororo usiku. Ukifanya hivyo mwenye kosa unakuwa wewe.

Mpigie mwenye mbwa. Mpigie hata kama una hasira, hasa ukiwa na hasira. Mwambie ulichokiona, siku gani, saa ngapi, usimwambie yeye ni mtu wa namna gani. Andika tarehe kwenye daftari. Picha piga, lakini ziende kwa afisa mifugo, zisiende kwenye kundi. Akikupuuza, siku mbili tatu mbwa bado yuko vilevile, nenda kwa mjumbe, mwenyekiti wa mtaa, afisa mifugo wa kata, na usiende peke yako. Walio Nairobi wana KSPCA, chama cha kutetea wanyama, wanapokea taarifa za wanyama wanaoteseka. Mbwa akikung'ata wakati unahangaika naye, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo.

Na msiniambie habari za kimbelembele. Mtaa huu huu unaojua nani kalala wapi na nani kanunua friji kwa mkopo, ghafla ikifika zamu ya kiumbe kinachokufa kiu tunakuwa watu wasioingilia mambo ya nyumba ya mtu? Mimi nilikuwa hivyo. Nilishona sare za watoto wa watu wakati sufuria linakwaruza hatua sita kutoka kwenye mguu wangu. Kama unasikia, umeshaingia tayari.

Nimeusoma tena ujumbe wako, mdogo wangu. Umenieleza mnyororo, mbavu, na tangu lini. Hujaniambia nani anaishi mle ndani tangu Pasaka, na kama huyo anayempa chakula anaweza kumsogelea. Kesho asubuhi beba kidumu, ukagonge. Ukishafunguliwa, niandikie.