Mtoto wa miaka 3 hasemi na miadi ni baada ya miezi 7, nianzie wapi?

Swali: Habari mtaalamu. Mwanangu ana miaka 3 na miezi 4, tumeambiwa ana dalili za usonji ila miadi ya vipimo kamili na tiba ya usemi ni miezi 7 mbele. Hasemi neno hata moja, akitaka kitu ananishika mkono ananivuta mpaka kilipo. Rafiki yangu kaniambia nitumie kadi za picha, mama mkwe anasema nikimzoesha picha ndo basi hataongea tena. Halafu kuna grupu la WhatsApp wanauza matone wanasema yanaondoa usonji kabisa. Nifanye nini kwa sasa, na sisi wazazi tunapata msaada gani? Nimechoka sana.

Jibu: Pole sana mama, na asante kwa kuandika. Nafanya kazi ya tiba ya usemi na watoto wadogo, na swali lako naletewa karibu kila wiki na mzazi aliyeambiwa asubiri akadhani kusubiri maana yake ni kukaa tu. Hiyo miezi 7 usiikae bure.

Kwanza huyo mtoto anawasiliana. Kukushika mkono na kukuvuta ni ombi, hajapata tu njia ambayo mtu mwingine asiyemzoea ataielewa, na kazi yetu ni kumpa hiyo njia.

Hofu ya mama mkwe naielewa, hata wataalamu zamani walikuwa nayo. Lakini imeshachunguzwa. Mwaka 2006 watafiti walikusanya tafiti za watu wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa picha, ishara za mikono au vifaa vya kuongelea, na kwenye zile tafiti zilizofanywa kwa umakini zaidi kulikuwa na watu 27, hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua, asilimia 89 usemi uliongezeka, japo wengi waliongeza kidogo. Kwa hiyo simwahidi mtu kwamba picha zitamtoa mtoto maneno, nachosema ni kwamba hazimzuii, na wakati huohuo zinampunguzia kile kilio cha kutoeleweka ambacho nadhani unakijua vizuri kuliko mimi.

Sasa namna ya kuanza, na hapa soma polepole manake ndo wengi wanapokosea. Kuna utaratibu wa kubadilishana picha ulioanzishwa Marekani mwaka 1985, unaitwa PECS, una hatua 6, mimi nakupa wazo la hatua ya kwanza tu. Chagua kitu kimoja anachokipenda kupita vyote, tuseme mapovu ya sabuni. Piga picha yake, ichapishe iwe ya kutosha kiganjani. Mnatakiwa watu wazima wawili, mmoja anakaa mbele ya mtoto ameshika mapovu, mwingine anakaa nyuma yake, na picha iko katikati. Mtoto akinyoosha mkono kuyafuata mapovu, wa nyuma anauongoza mkono taratibu uokote picha uiweke kwenye kiganja cha wa mbele, na palepale, bila kuchelewa hata sekunde mbili, wa mbele anasema "mapovu!" na kuyapuliza. Basi, mnarudia.

Wa mbele asiulize "unataka nini?" na asiseme "nipe picha". Najua ulimi unawasha, lakini ukimuuliza kila mara anajifunza kungoja kuulizwa ndo aombe, na sisi tunataka aanze mwenyewe. Wa nyuma naye akae kimya kabisa, afu siku zinavyoenda apunguze kumsaidia mpaka mtoto aokote peke yake. Mwanzoni picha iwe moja tu, kuchagua kati ya mbili kunakuja hatua ya 3, ukimwekea picha kumi siku ya kwanza atazitupa zote na utamwelewa vibaya. Na kadi usimnyang'anye kama adhabu hata akikosea vipi, hizo kadi ni mdomo wake.

Cha pili, mnapocheza mfuate yeye. Akipanga magari mstari mmoja kaa chini na wewe upange, sema neno moja au mawili ya kile anachokifanya yeye, "gari", "gari jekundu", kisha nyamaza umpe muda. Mambo haya ya wazazi si ya kubahatisha, Uingereza kuna utafiti wa watoto 152 wa usonji wenye umri wa miaka 2 hadi kabla ya 5, ambapo nusu yao wazazi walirekodiwa video wakicheza na mtoto wakaitazama pamoja na mtaalamu kuona ni wapi mtoto alijaribu kuwasiliana wao wakapitwa. Walifuatiliwa, na matokeo yaliyotoka 2016, karibu miaka 6 baada ya mafunzo kuisha, yalionyesha kundi hilo bado lina dalili nafuu kuliko wenzao. Sio kwamba usonji uliisha, hapana. Hata wewe weka simu mezani urekodi dakika tano, utajiona unavyouliza maswali mengi, sote tunafanya hivyo.

Kuhusu mafunzo yenyewe, Shirika la Afya Duniani wana programu ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye kuchelewa kukua au ulemavu wa ukuaji, vikao 9 vya kundi na ziara 3 za nyumbani, na jambo linalonifurahisha ni kwamba haihitaji uwe na cheti cha vipimo. Tangu 2022 ipo pia ya kujifunzia kwenye intaneti bila malipo. Ulizia kliniki ya watoto kama inatolewa karibu na wewe.

Omba pia kipimo cha masikio sasa hivi, usingoje miadi, hata kama anakimbilia wimbo wa simu akiusikia. Mtoto anaweza kusikia sauti za aina moja na zingine zikampita.

Matone usimpe, tafadhali. Hakuna dawa inayoondoa usonji, na baadhi ya vitu vinavyouzwa kwa jina hilo ni klorini daioksaidi, yaani kemikali kali ya viwandani ya kung'arishia vitu kama karatasi, inaunguza utumbo. Zipo dawa za mambo yanayoambatana nao kama kifafa au usingizi, hizo anaandika daktari aliyemwona mtoto. Grupu la wazazi lenyewe ni kitu kizuri mno, tafuta ambalo watu wanaelekezana shule na wataalamu na wanakubali mtu aseme leo nimeshindwa, ukikuta wanauza tiba toka.

Na wewe mama. Hukumsababishia wewe, wala si chanjo, ule utafiti wa 1998 uliohusisha chanjo na usonji ulifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010. Mtu akikuuliza akusaidie nini mpe kazi yenye saa, "kaa naye Jumamosi saa nne mpaka saa sita nilale", manake "nisaidieni" tupu watu hawajui waishike wapi. Mama mkwe mpe ile nafasi ya kukaa nyuma ya mtoto kwenye kadi, mara nyingi bibi akiona mjukuu kaleta picha mwenyewe ubishi unaisha hapohapo. Ila kama usingizi haukuji hata mtoto akiwa amelala, au huna hamu ya kitu chochote kwa zaidi ya wiki mbili, nenda ukaonwe na daktari kwa ajili yako wewe, sio ya mtoto.

Siku ya miadi beba zile video, pamoja na daftari umeandika tarehe na alichoomba na aliombaje, hata kama ni mistari mitatu kwa wiki. Mtoto akiwa chumba kigeni mara nyingi anajificha chini ya meza, na zile dakika tano za nyumbani ndo zitamwonyesha mtaalamu huyo mtoto unayemjua wewe.