Ukitaka kijiji kisilale njaa, anza na magunia

Wengi wanaokuja vijijini kwetu Dodoma kupambana na njaa huja na mbegu. Mbegu ni jambo jema, sikatai. Ila kwa miaka niliyofanya kazi na vikundi vya wakulima Bahi na Chamwino, mtu akiniuliza aanzie wapi namwambia aingie kwanza ndani, aangalie magunia.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida haizidi sana milimita 600. Mavuno ni Mei na Juni. Ikifika Julai duka linadai, harusi zimepangwa, na malori ya walanguzi yameshaegeshwa chini ya mbuyu. Mkulima anauza wakati bei iko chini kuliko mwezi wowote. Januari shamba ni la kijani lakini ndani hamna kitu, basi baba na mama wanakwenda kulima kibarua kwa mwenye akiba. Palizi ya kwao inasubiri, magugu yanameza mtama. Ukame unaumiza, lakini kibarua hicho cha Januari ndicho kinacholeta njaa ya mwaka unaofuata, hata mvua ikinyesha vizuri.

Hili si jipya. Ile njaa kuu ya Ugogo iitwayo Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, ilikuja na ukame, lakini ilikuta majeshi ya Wajerumani na kisha Waingereza yameshakomba nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo.

Kwa hiyo kikao cha kwanza kiitishwe Mei, kabla lori la kwanza halijafika. Swali ni moja: kwenu debe moja linakaa siku ngapi? Likikaa wiki, mwaka unataka madebe 52, yaani karibu magunia 10 ya kilo 100. Hayo hayauzwi, kinachouzwa ni kinachozidi hapo. Akina mama wawepo, tena waongee wa kwanza, maana wao ndio wapimaji. Nimeshamsikia mzee akitangaza kwamba kwake debe linakaa wiki mbili, mkewe akacheka mpaka akajifunika kanga.

Lakini usimwambie mtu asiuze wakati anadaiwa. Hela ya Julai lazima itoke mahali. Vikoba vingi, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, huvunjwa Desemba, wanachama wakagawana akiba kwa ajili ya sikukuu. Mimi huwashawishi wavunje Juni mwishoni. Ubishi huwa mkali, lakini kikundi kikikubali, gunia linabaki ndani.

Likibaki ndani, linamsubiri dumuzi, mdudu mla nafaka. Hapo mifuko ya tabaka tatu, ile ya PICS, inasaidia sana: ikifungwa vizuri wadudu wanakosa hewa na kufa, bila dawa yoyote. Sharti nafaka iwe kavu kweli. Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje na chumvi kavu kiasi, tikisa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani, tena juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Kwa hili usione haya kuwa mkali. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka yenye unyevu, kwenye mahindi iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara.

Baada ya hapo ndipo twende shambani. Siku hizi mvua huchelewa, halafu hukatika Februari mahindi yakiwa yanachanua. Kijiji cha Chololo, si mbali na Dodoma mjini, kimetoa jina la mashimo yanayokamata maji: upana wa sentimita 22 hivi, kina 30, sentimita 60 kati ya shimo na shimo na 90 kati ya mstari na mstari, mistari ikikata mteremko. Ndani unatia majivu ya kufukuza mchwa, samadi na mabua, kisha udongo kidogo, na kuacha nafasi maji yatuame. Ni kazi ngumu, usidanganye watu. Ichimbwe kiangazi, na nusu eka ya kwanza inatosha. Mjane asiye na nguvu kazi achimbiwe kwa kiwili, yaani kazi ya pamoja, vijana wakishalishwa.

Mbegu sasa. Mtama wa Macia ni mfupi, unakomaa mapema, na ugali wake ni mweupe. Kituo cha utafiti cha TARI Hombolo kiko hapahapa mkoani, wataalamu wake waulizwe. Tatizo ni kweleakwelea. Mtama mweupe hauna ukakasi wa kuwakera ndege, na shamba moja likikomaa peke yake katikati ya mahindi, ndege wa kata nzima wanalimaliza kwa siku chache. Ile desturi ya miradi ya kuwapa wakulima watano mbegu kama mfano inawaponza hao watano. Wape kitongoji kizima, wapande wiki moja, hasara igawanyike. Na zamu za kuamia, yaani kufukuza ndege shambani, zipangwe mapema kwenye mkutano wa kitongoji, majina ya watu wazima yaandikwe, kwa sababu zisipopangwa, watoto ndio watakaoacha shule kwenda kuamia.