Jemadari wa Kiajemi wa kuanza naye

Wanaopenda habari za vita vya Waajemi na Warumi huniuliza waanze kusoma na nani. Wengi hutarajia nimtaje Surena, aliyemwangamiza jemadari wa Kirumi Crassus pale Carrhae mwaka 53 KK. Surena anasisimua, ila sifa yake yote imesimama juu ya pigano moja, na muda si mrefu mfalme wake mwenyewe akamuua. Mimi huwaelekeza kwa Mihr-Mihroe wa karne ya sita BK, ambaye Wagiriki walimwita Mermeroes. Unaweza kumfuata kwa takriban miaka 25, akishinda na akishindwa.

Ila ujue kwamba karibu yote tunayosoma juu yake yaliandikwa na upande wa adui: Procopius, aliyekuwa karani wa Belisarius, jemadari wa Warumi, na baada yake Agathias, mwanasheria wa Constantinople. Kwa hiyo nina mazoea: idadi ya askari wa Kiajemi naiandika kwa penseli. Pale Satala, katika Uturuki ya leo, mwaka 530 BK, Procopius anampa Mihr-Mihroe watu 30,000, Warumi nusu yake, kisha Warumi wanashinda. Haya! Lakini adui akimsifu bila kupenda, hapo natumia wino.

Tafuta pia ramani ya Georgia ya leo, maana vita vyake vikubwa vilipiganwa huko, katika nchi iliyoitwa Lazica. Ngome ya Petra ndiyo Tsikhisdziri, karibu na Batumi. Archaeopolis ni Nokalakevi. Bila ramani hutaelewa kwa nini jeshi lake kubwa lilifika Petra mwaka 548, likawafukuza Warumi waliokuwa wameizingira, halafu likaondoka. Tatizo lilikuwa chakula. Kati ya walinzi 1,500 wa Kiajemi ngomeni, Mihr-Mihroe alikuta 150 tu wazima. Ukuta ulikuwa umebomoka na chokaa hakuna, basi akaamuru mifuko ya posho ijazwe mchanga, izibe mapengo. Akaacha watu 3,000 ndani, wengine 5,000 wa kuwaletea chakula, naye akarudi.

Mwaka 551 Petra ikatekwa na Warumi. Yeye akaigeukia Archaeopolis, na huko akashindwa vibaya; mmoja wa tembo wake alichachamaa akavuruga safu za Waajemi wenyewe. Usiruke kurasa hizo kwa kumpenda. Ni baada ya hapo ndipo anapokuwa hatari zaidi.

Mwaka 554 alikuwa mzee, miguu yote miwili haifanyi kazi, akibebwa kwenye machela katikati ya askari. Njia ya Telephis, ngome ya Warumi, ilikuwa imezibwa kwa magogo na mawe. Akajilaza, ikavuma kwamba anaumwa, kisha kwamba amefariki. Waliojua ukweli ni wandani wake wachache. Warumi wakalegeza ulinzi, wakalala. Akawatokea ghafla, wakakimbia. Agathias, ambaye hakuwa na sababu ya kumpendelea, anamsifu kwa akili na ushujaa.

Baada ya hapo akaugua kweli, akafia Mtskheta, karibu na Tbilisi ya leo. Mwili wake ukaachwa nje ya mji kwa mbwa na ndege, kama dini yao ilivyotaka.

Ukifika hapo, endelea moja kwa moja na mrithi wake, Nachoragan. Alikuwa na miguu mizima na jeshi kubwa, akashindwa kwenye mji wa Phasis, na Agathias anasema Khosrow, mfalme wa Waajemi, aliamuru achunwe ngozi akiwa hai.