Minoksidili haiyeyuki, na seli hazijibu

Swali: Nafanya uzamili hapa Mbarara. Nilitia miligramu 20.9 za minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, katika mililita 1 ya DMSO (kiyeyushi cha maabara) nipate milimola 100 kwa lita. Nimepasha hadi nyuzi 37, nimetikisa, bado kuna ukungu mweupe. Nikitia ile iliyoyeyuka kwenye seli za papila ya nywele (kitako cha mzizi wa unywele), kipimo cha rangi cha MTT hakionyeshi tofauti yoyote. Je, nimeuziwa unga feki?

Jibu: Unga huenda ni mzima, hesabu ndiyo imekuangusha. Mililita moja ya DMSO hubeba takriban miligramu 6.5 tu za minoksidili, sawa na milimola 31. Ethanoli hubeba kama miligramu 29, basi yeyushia humo zile milimola 100. Ukizimua mara 1,000, seli zitapata mikromola 100 na ethanoli asilimia 0.1 tu. Visima vya ulinganisho (vya seli zisizopewa dawa) navyo vitiwe ethanoli kiasi hichohicho. Kaza vifuniko, maana ethanoli ikitoroka dawa inakolea kimyakimya. Ukishikilia DMSO, usizidi milimola 10 (miligramu 2.1 kwa mililita), na hakikisha yote ni kioevu kabla ya kuivuta kwa pipeti: huganda chini ya nyuzi 18.5, na asubuhi za huko kwenu hufika hapo.

Seli kunyamaza ni jambo zito zaidi. Minoksidili yenyewe haifanyi kazi mpaka kimeng'enya SULT1A1 kiigeuze kuwa minoksidili salfati, ambayo ndiyo hufungua njia za potasiamu. Kwenye nywele, ugeuzaji huo hufanyika zaidi katika ala ya nje ya mzizi, nawe umeotesha papila peke yake. Ongeza safu ya visima vya minoksidili salfati, uiandae siku hiyohiyo kwa sababu majini huharibika. Salfati ikijibu huku minoksidili imenyamaza, shuku kimeng'enya. Zikinyamaza zote mbili, shuku seli. Papila zikihamishwa chombo hadi chombo mara nyingi hupoteza kimeng'enya kiitwacho alkalini fosfatasi, na mtego ni kwamba kwenye hadubini bado zinapendeza. Zipime kwa rangi ya alkalini fosfatasi kwanza; mimi nisingevuka uhamisho wa nne.

MTT nayo hupima kama seli ziko hai na zinafanya kazi; haisemi lolote kuhusu unywele kurefuka. Pima VEGF (protini inayochochea ukuaji wa mishipa ya damu) kwenye midia, yaani kioevu cha kuoteshea seli, kwa ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili. Visima vya pembezoni mwa sahani vijaze PBS (maji ya chumvi ya maabara), usiweke seli humo: hukauka kabla ya vingine na kukupa tofauti ambayo dawa haikuileta.