Mwanangu, mbeleko nakuja nayo mwenyewe

Mwanangu, meseji yako ya Jumapili nimeisoma mara tatu nikaona simu haitatosha, bora nikae chini niandike. Umeniuliza, "Mama, hivi ni haki nimchukue mtoto wa miezi minne niende kukaa maabara miaka minne nasomea damu ya wajawazito, au niachane na hiyo nafasi nibaki na mshahara wangu hapa?" Na yule mzee wa kwenye intavyuu aliyekuuliza mtoto atalelewa na nani, naona ndo kakuvuruga kabisa. Angekaa mumeo kwenye kile kiti asingeulizwa, na mtoto ni wenu wote wawili.

Mimi nasema nenda. Ila nataka ujue kwa nini, manake sio mambo ya cheti.

Ulikuwa darasa la pili nilipompoteza mama mmoja leba, sijawahi kukuhadithia. Uzazi wake wa tatu, mtoto katoka analia vizuri, kondo la nyuma limetoka zima, nikajua tumemaliza salama. Damu haikuwa ya kumwagika, ilikuwa inachuruzika tu, inaingia kwenye khanga, ikilowa tunatoa tunaweka nyingine, tulikuwa wahudumu wawili na wazazi watano, na siku zile kiasi cha damu tunakadiria kwa macho. Kwenye faili niliandika mililita 300. Haikupita muda akaanza kuhema juu juu, anasema dada naona giza, tukaweka dripu, tukampa oksitosini, ile dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, damu ya kuongeza hakuna, gari linatafutwa. Hakufika alfajiri. Asubuhi niliziloweka zile khanga nne kwenye beseni ili ndugu zake wasizichukue vile, nikamwaga maji ya kwanza mekundu, ya pili mekundu, ya tatu bado mekundu, nikakaa chini pale pale kwenye sakafu. Ile haikuwa mililita 300 mwanangu.

Miaka mingi baadae tukaitwa semina ya dawa ya asidi ya traneksamiki, ile inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke. Mwezeshaji akatusimulia habari za bibi mmoja wa Kijapani, Utako Okamoto, yeye na mumewe Shosuke ndo waliigundua, wakaitangaza mwaka 1962. Na kwenye maabara yake kule Tokyo alikuwa anafanya kazi na mtoto wake mgongoni. Mgongoni kabisa, kambeba kama sisi tunavyobeba. Alitaka hasa dawa yake ijaribiwe kwa wanaotoka damu baada ya kujifungua, akawafuata madaktari wa Kobe, hawakukubali kuufanya huo utafiti. Dawa ikatumika kwa wenye hedhi nyingi, kwa wanaong'olewa meno, wazazi wakangoja. Mpaka ukaja utafiti wa wanawake 20,060 kwenye nchi 21, na sisi Tanzania tumo, ulioongozwa na mwanamke mwingine, Haleema Shakur-Still wa London, matokeo yakatoka 2017: mzazi akipewa ndani ya masaa 3, vifo vya kutokwa damu vinapungua karibu theluthi moja. Bibi Okamoto alifariki 2016, ana miaka 98. Mwaka mmoja tu asiyaone.

Nilikuwa nahesabu pale kwenye kiti. Dawa ilikuwepo duniani miaka zaidi ya 30 yule mama wa khanga nne alipokufa mikononi mwangu, kilichokosekana ni watu wa kuuliza swali na kukubaliwa kulifanyia kazi. Mimi nilikuwa najilaumu peke yangu miaka yote ile.

Halafu 2023 ukatoka ule utafiti wa hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu, wazazi zaidi ya laki mbili. Wanamtandikia mzazi plastiki yenye mfuko wa mistari, damu inashuka mule unaisoma, ikifika kipimo hungoji, unampa matibabu yote kwa mkupuo, kusugua tumbo, oksitosini, hiyo traneksamiki, dripu, na kumchunguza inatokea wapi. Kutokwa damu kupita kiasi, upasuaji wa kuizuia na vifo, ukivijumlisha, vikashuka kwa asilimia 60. Kwa plastiki na kufuata utaratibu! Nililia nilipoisoma, baba yako akadhani kuna msiba.

Sasa njoo kwenye hiyo damu unayotaka kuisomea wewe. Mwaka huo huo wa 2023 yalitoka matokeo ya wanawake 15,068 wenye upungufu wa damu, wa Pakistan, Nigeria, Zambia na Tanzania, walipewa ile ile dawa mapema kabla hawajaanza kutoka damu nyingi, kuona kama itawakinga. Haikuwakinga. Kwahiyo mama anayekuja leba tayari damu yake iko chini, yule ambaye hata kidogo ukimpunguzia anazimia, ile dawa peke yake haikumkinga, na hao ndo umeitiwa kwenda kuwasomea. Nitakwambiaje ubaki?

Wanasema ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini sitaki ukabebe peke yako, yule bibi naye alikuwa na mume wa kushirikiana naye hapo hapo maabara. Mwambie baba mtoto tunaongea wote watatu, sio wewe umbembeleze usiku. Waulize chuo kabisa, kwa maandishi, likizo ya uzazi ikitokea tena posho inaendelea au inakatwa, na kama kuna chumba cha kukamulia maziwa, usione aibu. Mwezi wa kwanza mpaka wa sita nakuja kukaa kwako, pensheni yangu inatosha nauli, na ile mbeleko niliyokubebea wewe bado ipo kwenye sanduku, nimeitoa jana nikaianika.

Nipigie leo baada ya saa tatu, taarifa ya habari ikiisha, baba yako naye ana neno lake.

Mama yako