Zima seva yako mwenyewe kabla haijajizima

Mwezi uliopita, siku ya wanachama kupokea mikopo, seva, yaani kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu, ya chama cha akiba na mikopo ninachokihudumia hapa Tanga ilikufa saa nne asubuhi. Diski iliharibika kabisa. Kabla ya adhuhuri makarani walikuwa wanahudumia watu tena. Salio zote zilirudi, na miamala michache ya mwisho tuliiingiza upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi. Tangu nilipolisimulia hilo simu yangu haipumziki, na wengi mnauliza swali moja: "Kaka, unatumia programu gani ya bekapu?" Yaani ya kutunza nakala ya akiba ya data.

Ndugu zangu, programu ninayotumia ni ya bure, na wengi wenu mnayo. Kilichotuokoa ni kwamba seva ile tulikuwa tumeshaiua wenyewe, kwa makusudi, na zaidi ya mara moja.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumamosi mchana, ofisi ya Ngamiani imefungwa, makarani wameondoka. Nilimwomba mhasibu, mama mtu mzima asiyetaka mzaha na fedha, abaki awe shahidi. Nikachomoa waya ukutani. UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, ikaanza kulia. Mama akashika meza: "Mwanangu, hizo fedha za watu!" Nikamwambia, ndiyo maana tunafanya, mama. UPS ile ilitakiwa kushika nusu saa, lakini ilizimika hata sijamaliza kuandika muda kwenye daftari. Betri zilikuwa zimechoka, na taa ya kijani ilikuwa inawaka siku zote. Hapa pwani joto na chumvi vinamaliza vifaa kimyakimya.

Tukahamia kwenye kompyuta ya akiba, nikarejesha hifadhidata, yaani kumbukumbu za wanachama, kutoka kwenye bekapu. Ikafunguka, salio zote zipo, mama akamshukuru Mungu. Kisha akaomba kuona saini ya mwanachama mmoja. Haipo. Akajaribu mwingine, haipo. Picha zote za saini zilikaa kwenye folda nyingine, na waliofunga mfumo hawakuiingiza kwenye orodha ya kunakiliwa. Bila saini karani hamlipi mtu. Na kila asubuhi mfumo ulikuwa unaandika kwamba bekapu imefanikiwa!

Jumamosi zilizofuata tuligundua mengine, sitayamaliza hapa. Ila moja nalisema: nakala iliyohifadhiwa mbali, ya kushushwa kwa intaneti, peke yake haitoshi. Kushusha gigabaiti 40 kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde kunakula karibu saa 9, tena laini ikiwa imetulia. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari, intaneti ilizorota nchi nzima. Weka nakala nyingine kwenye diski ya nje, hapahapa mjini, lakini si chumba kimoja na seva.

Sasa niseme linaloniuma. Kabla ya hapa nilifanya kazi kwenye ofisi nyingine, siitaji. Niliomba Jumamosi moja tu ya kufanya jaribio kama hili. Mkuu wangu akanijibu mbele ya wenzangu kwamba sikuajiriwa kuharibu mitambo. Nikanyamaza. Nilipokwisha kuondoka mashine yao ikafa, na usiku ule ule wakanipigia mimi. Nilikwenda, kwa sababu wateja hawakuwa na kosa. Lakini lile neno "kuharibu" bado ninalo moyoni.

Wakubwa wenye mawazo hayo wasome yaliyoikuta GitLab, kampuni inayowatunzia watengeneza programu kazi zao mtandaoni, tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi alifuta kwa bahati mbaya data ya seva kuu. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili data, na hakuna iliyokuwa inafanya kazi ilivyotarajiwa. Bekapu za kila siku zilikuwa zinashindwa, na barua pepe za kutoa taarifa hiyo zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi aliitoa kwa mkono kama saa sita kabla ya ajali hiyo, kwa kazi nyingine kabisa. Walieleza yote hadharani, na ninawaheshimu kwa hilo. Netflix, wale wa filamu za mtandaoni, nao walitengeneza Chaos Monkey, programu ya kuzima seva zao wenyewe ovyo, tena saa za kazi, wahandisi wakiwa macho. Kama wao wanajizimia, wewe mwenye seva moja chini ya meza unaringia nini?

Tuache kuridhika na neno "imefanikiwa" kwenye skrini. Bekapu ambayo hujawahi kuirejesha ni matumaini tu, na fedha za mama lishe wa Makorora haziwekwi kwenye matumaini. Rejesha. Pima muda kwa saa, uandike. Rejesha tena mwezi ujao. Na anayerejesha asiwe wewe: mpe karani karatasi ya maelekezo, kaa kando, mdomo umefunga. Akikwama hatua ya tatu, hatua ya tatu imeandikwa vibaya. Mhasibu naye awepo, maana ndiye anayejua kipi kinakosekana.

Na wewe mdogo wangu wa Muheza uliyeniandikia juu ya duka la dawa, usisubiri bajeti. Tafuta kompyuta yoyote nzima, Jumamosi hii baada ya kufunga, rejesha mauzo ya wiki nzima humo na uyalinganishe na kitabu cha risiti. Kisha uniandikie umekuta nini hakipo.